Nyumba Moja, Vikohozi Vitatu

Leo tunaanza na kisa kifupi. Si kisa cha mtu unayemjua, ni mfano tuliotunga wenyewe. Lakini huenda ukimaliza kukisoma utasema, "Mbona hii ni nyumba yetu?"

Ni usiku, mahali fulani Ifakara. Mvua imeanza kunyesha tangu jioni. Jikoni bibi anakohoa huku akichochea kuni. Kikohozi chake ni cha siku nyingi, watu wameshakizoea. Chumba cha pili anakohoa mjomba. Yeye amerudi juzi kutoka shamba la mpunga kule bondeni, amekonda, na usiku shati lake linalowa jasho. Chumba cha tatu anakohoa dada wa kidato cha pili. Kifua chake kinalia kama filimbi.

Dada ana inhela, ile dawa ya kuvuta yenye kopo la bluu. Anavuta mara mbili, anapata nafuu. Bibi akiona hivyo anasema, "Mjukuu wangu, hebu nipe na mimi." Mjomba naye anaomba. Halafu mjomba anatoa mfukoni vidonge vya amoksilini alivyopewa na jirani, anawagawia wote viwili viwili. Wanalala wakiwa na matumaini.

Kesho yake wote watatu wanakohoa tena.

Je, kosa liko wapi? Upendo upo. Dawa zenyewe ni za kweli, si za bandia. Kosa ni moja tu: walidhani kikohozi ni kimoja, kwa hiyo dawa nayo ni moja.

DAWA HUPIMWA KAMA SARE

Wewe ni mwanafunzi, unajua sare inavyoshonwa. Fundi hakati kitambaa kabla ya kukupima. Akikushonea kwa vipimo vya jirani yako, utavaa suruali inayoburuza chini darasa zima likucheke. Matibabu ya magonjwa sugu ya mapafu nayo yako hivyo hivyo, ila hapa vipimo vikikosewa hakuna wa kucheka. Mtu anaweza kufa.

Vipimo vyenyewe ni vitatu. Cha kwanza: ni ugonjwa gani? Cha pili: mwili wa mgonjwa huyu ukoje? Cha tatu: mgonjwa huyu anaishi maisha gani? Daktari akikosa hata kimoja, dawa nzuri inaweza kuwa haina kazi.

Tuwachukue wale watu wetu mmoja mmoja. Lakini kwanza tuelewane kuhusu mapafu. Fikiria mwembe uliogeuzwa juu chini. Shina ni bomba la hewa linaloshuka kutoka kooni. Matawi ni vijibomba vinavyogawanyika ndani ya kifua, vikizidi kuwa vyembamba. Majani ni vifuko vidogo mno ambamo hewa safi inaingia kwenye damu. Picha hiyo usiisahau, tutaihitaji mpaka mwisho.

DADA: MATAWI YANAYOVIMBA

Dada ana pumu. Katika pumu ugonjwa uko kwenye matawi. Kuta zake zimevimba kwa ndani, misuli inayoyazunguka inabana, na ute mzito unajaa. Hewa inapita kwa shida, ndiyo maana kifua kinalia filimbi.

Ile inhela ya bluu ni salbutamoli. Wengi wanaiita Ventolin. Kazi yake ni kulegeza misuli. Ndani ya dakika chache matawi yanafunguka na mtu anapumua. Tatizo ni kwamba haigusi ule uvimbe. Ni kama nyumba inayovuja: unachota maji sakafuni kwa ndoo, lakini paa hulizibi. Mvua ikinyesha tena, maji yale yale.

Dawa ya kuziba paa ni nyingine, ni inhela ya kuzuia. Iliyo maarufu inaitwa beklometazoni. Hii huvutwa kila siku, hata siku ambayo mtu anajisikia fiti kabisa. Inafanya kazi polepole, kwa siku na wiki, na ndiyo sababu wengi huiacha. "Nimeivuta sijaona kitu!" Ndugu yangu, hukuona kitu kwa sababu hukuipa muda.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, lilibadili ushauri wake: mtu yeyote mwenye pumu kuanzia miaka 12 asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kila mgonjwa apate na dawa ya kutuliza uvimbe. Sababu ni kwamba mtu anayetegemea kopo la bluu tu huona ana nafuu huku uvimbe ukiendelea, mpaka siku anapobanwa vibaya na kopo lisimsaidie. Kwa hiyo kama wewe una pumu na unalo kopo la bluu pekee, usilitupe, ila nenda hospitali ukaulize: "Daktari, na ile ya kuzuia?" Siku hizi ipo pia inhela moja yenye dawa zote mbili ndani yake, ya kufungua na ya kutuliza uvimbe. Kama unatumia kopo la bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, hiyo ni dalili kwamba pumu yako haijadhibitiwa.

Wengine hupewa vidonge vya salbutamoli. Dawa ya kuvuta ni bora, kwa sababu inakwenda moja kwa moja kwenye matawi kwa kiasi kidogo. Kidonge lazima kizunguke mwili mzima kwanza, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo kwenda mbio.

Sasa, hata watu wawili wenye pumu hawafanani. Mmoja anabanwa na vumbi la chaki. Mwingine anabanwa na pumba mashine ya kukoboa mpunga inapounguruma. Wa tatu ni moshi wa tanuri la matofali, au mashamba yakichomwa kiangazi. Wa nne ni mafua tu. Wa tano akicheka sana au akikimbia. Daktari hawezi kuyajua hayo kwa kukutazama. Anayejua ni wewe, tena ukiandika.

Chukua daftari lako la zamani, lipe jina Daftari la Pumu. Kila ukibanwa andika: tarehe, saa, ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, ulivuta mara ngapi. Baada ya mwezi mmoja, mpelekee daktari. Kwa hilo daftari anaweza kukuongezea dawa, kukupunguzia, au kukuacha ulipo. Pumu ikitulia kwa miezi kama mitatu, mara nyingi dawa hupunguzwa hatua kwa hatua. Lakini anayepunguza ni daktari, siyo wewe na rafiki zako wa bweni.

Na jambo la mwisho kuhusu dada: je, anavuta ipasavyo? Wengi hupuliza dawa ikaishia kwenye ulimi. Dawa ya mdomoni haifiki kwenye matawi. Dawa yake ni chupa ya maji! Mwaka 1999 daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti kuhusu watoto waliobanwa na pumu. Walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita ilisaidia sawa na kifaa cha dukani cha kazi hiyo hiyo.

Namna ya kuitengeneza: safisha chupa kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Mwombe mtu mzima atoboe kitako chake kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa inhela. Chomeka inhela, ziba pembeni kwa plasta hewa isitoke. Tikisa inhela. Weka mdomo wako kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja tu, vuta na kutoa pumzi polepole mara tano. Kama umeandikiwa kuvuta mara mbili, rudia yote tangu kutikisa.

BIBI: MATAWI YALIYOKAKAMAA

Bibi hajawahi kuvuta sigara hata siku moja. Kwa nini basi anakohoa na kuhema akipanda ngazi mbili?

Hesabu miaka ambayo bibi amepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Kaya nyingi za Tanzania bado zinapika kwa kuni na mkaa, na moshi huo hauchagui. Mwaka baada ya mwaka unachubua matawi mpaka yanakuwa membamba, na majani ya mwembe wetu yanakatika. Huu ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Sigara ndiyo chanzo chake kikuu duniani, lakini moshi wa jikoni nao unaweza kuuleta.

Tofauti yake na pumu ni hii: ya dada hufunguka na kubana, ya bibi haifunguki yote tena. Inapimwa kwa mashine iitwayo spirometa. Bibi anavuta pumzi mpaka mwisho, kisha anapuliza kwa nguvu zote mpaka kifua kiishe hewa. Mashine inapima hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, inailinganisha na yote iliyotoka. Kijana mwenye mapafu mazima hutoa zaidi ya sehemu saba kati ya kumi ndani ya sekunde hiyo moja. Kama hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua bibi bado yuko chini ya sehemu saba, njia zake zimeziba kwa kudumu.

Hapo kazi ndiyo inaanza. Kipimo hicho hakisemi ziliziba kwa sababu gani. Huenda ni moshi. Huenda ni pumu ya utotoni ambayo haikutibiwa. Huenda bibi aliwahi kuugua kifua kikuu, akapona, lakini kikamwachia makovu. Ndiyo, mtu anaweza kupona kifua kikuu kabisa, makohozi yakawa safi, na bado akabaki anahema. Mwaka 2017 watafiti wa Mbeya, pamoja na wenzao wa Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, walianza kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu ili kujua mapafu yao yanakuwaje wakati wa dawa na baada ya dawa. Kwa hiyo bibi akiulizwa "Uliwahi kuugua nini zamani?" asione anachunguzwa bure. Na mtu wa namna hii asipewe tena dawa za kifua kikuu bila kupimwa, eti kwa kuwa anakohoa.

Kuna kipimo kingine kinachomsaidia daktari kuchagua. Katika damu kuna chembe nyeupe ziitwazo eosinofili. Kwa wenye ugonjwa kama wa bibi ambao dawa za kufungua hazijawatosha, chembe hizo zikifika 300 au zaidi kwa kila mikrolita ya damu, dawa ya kutuliza uvimbe inaelekea kuwasaidia. Zikiwa chini ya 100, faida ni ndogo, na dawa hiyo inaweza kuongeza hatari ya nimonia. Unaona mambo? Dawa inayomwokoa dada inaweza isimfae bibi.

Lakini subiri. Katika bonde la Kilombero watu wanaingia majarubani bila viatu, na minyoo ipo. Minyoo nayo hupandisha eosinofili! Kwa hiyo namba ile ile inayosomwa Ulaya kwa namna moja, huku kwetu lazima isomwe kwa makini. Kipimo kinamhitaji daktari anayejua mgonjwa wake anatoka wapi.

Dawa nyingine ya bibi haitoki hospitali. Ni kuhamishia jiko nje au kwenye upenu wenye upepo, kukausha kuni vizuri kabla ya kuzichoma, kufunika sufuria ili chakula kiive haraka, na kama uwezo upo, kubadili jiko. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini bibi hawezi kungoja mpaka 2034. Dirisha la jikoni linaweza kutobolewa Jumamosi hii, na wewe una mikono.

MJOMBA: MAJANI YANAYOLIWA

Mjomba anakohoa kwa wiki tano sasa. Amekonda, anatoka jasho usiku. Kumbuka sheria hii maisha yako yote: kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni lazima kipimwe kifua kikuu. Vidonge vya jirani vilimpotezea muda tu.

Katika kifua kikuu bakteria wanakula majani ya mwembe na kuacha mashimo. Mjomba akifika kliniki atatoa makohozi. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, inajibu maswali mawili kwa chini ya saa mbili: bakteria wapo? Na je, wamekuwa sugu kwa rifampisini, ile dawa kuu?

Kama si sugu, mjomba atatumia dawa nne kwa miezi miwili: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha dawa mbili za kwanza kwa miezi minne. Kama ni sugu, anahitaji dawa nyingine kabisa. Nchini kwetu matibabu ya kifua kikuu sugu yalianza mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Zamani yalichukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, tena kwa sindano kila siku kwa miezi mingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya vidonge ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa miaka 14 na zaidi. Sasa fikiria mtu mwenye bakteria sugu anayepewa dawa za kawaida kwa kubahatisha: anameza, anateseka, haponi, na anaendelea kuambukiza.

Hicho kilikuwa kipimo cha ugonjwa. Twende kwenye mwili. Idadi ya vidonge vya mjomba inategemea mizani. Akiongezeka uzito, huenda vidonge navyo vikaongezwa. Ndiyo maana nesi anampima kila mara, si kwa sababu anapenda kuona watu wakipanda mizani.

Tena kuna jambo ambalo macho hayalioni. Tangu miaka ya 1950 wanasayansi wanajua kwamba miili ya watu haivunji isoniazidi kwa kasi moja. Wapo wa haraka na wapo wa polepole, na kasi hiyo hurithiwa kwa wazazi. Wa polepole hubaki na dawa nyingi mwilini, na ni rahisi zaidi kwao kupata ganzi na kuchomachoma miguuni. Vitamini B6 huwakinga. Mjomba akisikia ganzi asinyamaze akidhani ni uchovu wa jembe. Akiona macho yanafifia au rangi nyekundu na kijani zinamchanganya, awahi kliniki siku hiyo hiyo, maana ethambutoli inaweza kugusa macho. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa asishtuke, hiyo ni rifampisini.

Rifampisini ina mambo mengine mawili, na haya tunayasema waziwazi kwa sababu ninyi ni vijana wakubwa. Inapunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa wanayotumia watu wengi wanaoishi na VVU, hivyo kipimo chake huongezwa. Na inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hivyo anayevitumia anaweza kushika mimba huku anadhani yuko salama. Kwa hiyo nesi akiuliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" hapo si pa kuona soo. Ukificha, dawa zako zinapimwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

Sasa kipimo cha tatu: maisha. Hapa Kilombero ndipo penye kazi. Unajua wenyewe, msimu wa mpunga ukifika familia nyingi zinahamia kwenye vibanda vya shambani, mbali na mji, maji yakiwa yamejaa na njia hazipitiki. Huko mtu hukaa miezi. Matibabu ya mjomba ni miezi sita. Je, atatembea kila siku kwenda kliniki?

Tanzania ina historia katika hili. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo alishirikiana nao kujenga njia ya kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa mkakati ulioenezwa duniani katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Lakini kwenda kliniki kila siku kuliwashinda wengi wa vijijini. Mwaka 2006 nchi yetu ilianza kumpa mgonjwa nafasi ya kuchagua: ameze dawa kliniki mbele ya mhudumu, au ameze nyumbani akisimamiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Dawa hazikubadilika, na matibabu ni bure. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa alianza kuulizwa anaishi vipi.

Basi mjomba asiondoke kimya kimya. Aseme: "Nesi, mwezi ujao nahamia shamba. Tufanyeje?" Watapanga pamoja nani atamsimamia na dawa atazifuata lini. Hatari kubwa ni mwezi wa pili. Kikohozi kimekwisha, nguvu zimerudi, mpunga unangoja. Anaacha dawa. Bakteria waliobaki wanarudi, na safari hii wanaweza kuwa sugu. Kujisikia vizuri siyo kupona. Hapo ndipo wewe mwanafunzi una kazi: weka alama kwenye kalenda kila siku mjomba anapomeza. Na familia yote ikapimwe, hasa watoto wadogo.

NA HIZO DAWA ZA ULAYA?

Huenda umesikia kwamba wenzetu wana dawa zinazotengenezwa kwa ajili ya aina maalumu ya mgonjwa. Ni kweli. Mwaka 2003 Marekani iliruhusu sindano ya omalizumabu kwa watu wenye pumu kali itokanayo na mzio. Mwaka 2024 iliruhusu dupilumabu kwa baadhi ya wagonjwa wenye ugonjwa kama wa bibi, wale wenye eosinofili nyingi. Sindano hizi ni ghali mno, na si kila mtu zinamfaa.

Lakini usidhani matibabu yanayomfaa mtu binafsi lazima yatoke kwenye ndege. Mizani ni kipimo cha mtu binafsi. Makohozi ndani ya GeneXpert ni kipimo cha mtu binafsi. Daftari la Pumu halikugharimu kitu. Hata swali "Unahamia shamba lini?" ni kipimo. Ifakara yenyewe si ngeni katika sayansi: maabara ya utafiti ilianzishwa hapa mwaka 1957 na Rudolf Geigy kutoka Uswisi, na leo tuna Taasisi ya Afya Ifakara. Nani ajuaye, pengine atakayegundua dawa ya kumfaa bibi yuko kidato cha pili sasa hivi.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Pumu inaambukiza?
Hapana. Kaa na mwenzako, cheza naye. Ila usiazime inhela yake. Akibanwa usiku na kopo limekwisha kwa sababu yako, utajisikiaje?

Inhela inazoesha mtu kama ulevi?
Hapana. Ile ya kuzuia unaihitaji kila siku kama vile paa linavyohitajika kila siku. Sukutua mdomo kwa maji baada ya kuvuta, usipate fangasi mdomoni.

Naweza kucheza mpira nikiwa na pumu?
Ndiyo, tena unashauriwa. Pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtu kukimbia. Ukibanwa kila ukicheza, hiyo ni ya kwenda kuandika kwenye daftari.

Nikila sahani moja na mwenye kifua kikuu nitaambukizwa?
Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Kinapita hewani, mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa. Fungua madirisha, naye azibe mdomo akikohoa. Usimtenge.

Bibi anatumia mitishamba. Aache?
Amwambie daktari anachotumia, bila kuona haya. Kisichofaa ni kuacha dawa za hospitali kwa ajili ya mitishamba, na kujifukiza moshi kifua kikiwa kimebana.

MWENZAKO AKIBANWA NA PUMU

Mkalishe wima, usimlaze. Legeza vifungo. Watu wasimzunguke. Avute inhela yake ya bluu mara nne, moja moja, kwa chupa kama ipo. Subirini dakika nne. Kama hajapata nafuu, avute tena mara nne, na wakati huo huo mwalimu au mkubwa yeyote atafute usafiri wa hospitali. Njiani aendelee kuvuta. Kama hawezi kumaliza sentensi moja, midomo imekuwa ya bluu, au kifua kimeacha kulia na amelegea, hapo hakuna kusubiri dakika hata moja. Kifua kunyamaza ghafla huku mtu anahangaika siyo nafuu. Ni hatari kubwa.

KAZI KWAKO

Rudi nyumbani leo usiku usikilize. Nani anakohoa? Tangu lini? Anakohoa wakati gani, na baada ya kufanya nini? Anatumia dawa gani, na alipewa na nani? Andika majibu. Kisha mpeleke hospitali au zahanati yenye kipimo, ukiwa na karatasi yako mkononi, na uulize maswali matatu: Ni ugonjwa gani? Dawa hii inamfaa kwa sababu gani? Tutamjuaje kama anapata nafuu au la?

Zahanati ndogo inaweza kukosa spirometa au inhela ya kuzuia. Usikate tamaa, omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Duka la dawa muhimu lina kazi yake, lakini halina mashine ya kusoma makohozi ya mjomba.

Na ile nyumba yetu ya mfano? Tuimalize hivi. Asubuhi dada hakuwahi shule. Aliwachukua bibi na mjomba, wakapanda bajaji moja mpaka hospitali. Waliondoka pamoja, wakarudi na dawa tofauti. Jioni kila mmoja aliweka ya kwake mahali pake, na dada akaandika majina matatu kwa kalamu nyekundu.